Kuaga si Uchuro

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni Jumapili jioni. Tunayachapisha kwa ajili ya wale waliokosa kuyasikia.)



Jioni hii nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hatupendi litajwe ndani ya nyumba, hasa nyumba yenye mgonjwa. Nataka tumzungumzie mtu anayekaribia kufa. Sisemi maiti. Maiti tunajua kumshughulikia. Habari ikitoka tu kwamba fulani hatunaye, haipiti saa moja turubai limesimama, mikeka imetandikwa, daftari la rambirambi limefunguliwa, na kina mama wamejifunga kanga viunoni wanapika. Mtu wa mjini anaweza kupishana na jirani yake miaka kumi bila kujua jina lake, lakini siku ya msiba atampa bega jeneza lake. Hilo ni jema, na tuliendeleze.

Mimi nazungumzia ile miezi mitatu au minne kabla ya turubai. Hapo ndipo tunapomwacha mtu wetu peke yake, hata kama chumba kimejaa watu.

Nianze na la kwangu, nisije nikaonekana nawanyooshea wengine kidole. Mjomba wangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, aliugua tumbo. Tulizunguka naye kwenye zahanati za mtaani mpaka tukaishia hospitali kubwa. Wakampiga picha, wakamchukua kinyama cha kupima. Siku ya majibu daktari hakumwita mgonjwa. Alituita sisi, wanaume watatu wa familia, akatusimamisha karibu na ngazi, watu wakipita na machela, akatuambia kuwa ni saratani ya ini, imekwisha kusambaa, na kwamba hakuna la kufanya isipokuwa kumrudisha nyumbani. Kisha akaongeza: "Mzee msimwambie. Mtamvunja moyo."

Tulikubali mara moja. Kusema kweli, tulifurahi kupewa amri ile, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ubavu wa kusema. Tukarudi wodini tukitabasamu. Tukamwambia ni vidonda vya tumbo, atatumia dawa na atapona. Yeye akaitikia: "Haya, Mungu mkubwa."

Kwa miezi mitatu tukacheza mchezo huo. Mzee anakonda, tumbo linajaa maji, macho yanakuwa ya manjano, na sisi tunamwambia, "Leo una rangi nzuri." Jioni moja nilikuwa nimekaa naye peke yetu. Akaniambia, "Mjomba," maana mjomba na mpwa huitana hivyo, "hebu mwandikie yule wa Tanga aje." Yule wa Tanga ni mwanawe wa kwanza. Waligombana kwa ajili ya kiwanja, na ulikuwa umepita mwaka wa sita hawaamkiani. Nilielewa vizuri sana maana ya ombi lile. Lakini nikajibu, "Ngoja upate nafuu kwanza, mjomba, asije akakukuta hivi akashtuka." Mzee alinitazama kwa muda, halafu akaniomba nimwongezee sauti ya redio. Hakulitaja jambo hilo tena.

Mwanawe alikuja kwa basi. Alifika makaburini watu wanafukia.

Siku ya tatu ya matanga alikuja muuguzi mmoja wa wodi ile kutoa pole. Akamwambia mke wa marehemu jambo lililotufanya wote tuinamishe vichwa. Mjomba alikuwa anajua. Alimwuliza muuguzi yule tangu wiki ile ile ya majibu, naye akashindwa kumdanganya mtu mzima. Mzee alimshukuru, akamwomba jambo moja tu: "Wanangu usiwaambie kwamba najua. Hawataweza."

Fikirini, ndugu wasikilizaji. Sisi tulimficha ili tumlinde, na yeye alituficha ili atulinde. Kila upande ulikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa ni ile ile moja.

Nilidhani hiyo ni aibu ya ukoo wetu peke yetu. Baadaye nikaja kusoma kwamba wataalamu wa elimu ya jamii wamekwisha kulichunguza jambo hili na kulipa jina. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, Barney Glaser na Anselm Strauss, walitoa kitabu baada ya kukaa katika wodi za hospitali za eneo la San Francisco wakitazama jinsi watu wanavyokufa na jinsi wanavyosemeshwa. Waliona hali nne. Ya kwanza, mgonjwa hajui kitu na wengine wote wanajua. Ya pili, mgonjwa anashuku na kuanza kupeleleza. Ya tatu, kila mtu anajua, mgonjwa naye anajua, lakini wote wanajifanya hawajui. Ya nne, wote wanajua na wanasema. Ile hali ya tatu ndiyo ya mjomba wangu, na nadhani ndiyo ya nyumba nyingi za wanaonisikiliza sasa hivi. Ni kama mchezo wa kuigiza usio na mwandishi. Mgonjwa akisahau zamu yake, akatamka neno la ukweli, wengine wanakimbilia kuziba pengo: "Baba, usiseme hivyo! Unajichuria!"

Neno hilo, uchuro, ndilo lenye nguvu kuliko maneno yote chumbani mwa mgonjwa. Tunaamini kwamba kifo kikitajwa kinasikia jina lake na kuja. Mgonjwa akiulizia wosia, anajichuria. Mke akiulizia hati ya nyumba, anamchuria mumewe, na huenda akaitwa mchawi kabisa. Basi wote wananyamaza, na kifo chenyewe, ambacho hakikuwa kikingojea kuitwa, kinaingia bila hodi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Siku hizi naona tumeongeza kingine: tunakificha hata kifo chenyewe.

Najua mtaniambia, "Hayo ya kumwambia mtu kuwa anakufa ni mambo ya Wazungu. Sisi Waafrika hatuna desturi hiyo." Hapo naomba nipingane nanyi kwa pande zote mbili.

Kwanza, Wazungu wenyewe walikuwa wakificha kama sisi. Mwaka 1961 daktari mmoja, Donald Oken, alichapisha majibu ya madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago, Marekani. Karibu 9 kati ya kila 10 walisema kwamba kwa kawaida hawapendi kumwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Sababu zao zilikuwa zile zile za daktari wetu wa kwenye ngazi: atavunjika moyo, atakata tamaa. Mwaka 1979 yalichapishwa majibu ya madaktari 264 wa hospitali ya chuo kikuu huko Rochester, New York, kwa maswali ya aina hiyo hiyo. Safari hii asilimia 97 walisema wanapendelea kumwambia mgonjwa. Miaka 18 tu, na desturi imegeuka juu chini. Kwa hiyo kuficha si rangi ya mtu. Ni mazoea, na mazoea hubadilika.

Katika waliosaidia kuyabadili, yumo mwanamke mmoja mzaliwa wa Zürich, Uswisi, Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili. Mwaka 1965, akiwa Chicago, walimjia wanafunzi wanne wa theolojia wakitaka awasaidie kuchunguza misukosuko mikubwa ya maisha ya binadamu. Akawaambia msukosuko mkubwa kuliko yote ni kufa, na wa kuulizwa ni wanaokufa wenyewe. Akaenda kwa madaktari wa hospitali kuwaomba wagonjwa wa aina hiyo. Akajibiwa kwamba hakuna. Hospitali yenye mamia ya vitanda, na kwa maneno ya madaktari hakuna hata mtu mmoja anayekufa! Alipofanikiwa mwishowe kuingia wodini, alizungumza na wagonjwa zaidi ya 200. Alichokikuta ni kwamba wengi wao walikuwa wanajua, wawe wameambiwa au hawakuambiwa. Walijua kwa miili yao, na walijua kwa nyuso za ndugu zao waliotoka nje kulia na kurudi wamenawa. Wengi walifurahi kupata mtu wa kukaa kitini na kuwasikiliza.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, na wengi wanamkumbuka kwa zile hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza kama mtu anayepatana bei na Mungu, majonzi, na mwisho kukubali. Hapo nitoe tahadhari. Hatua zile si ngazi ambayo kila mtu lazima aipande moja moja. Utafiti uliofuata haukuona mpangilio wa namna hiyo kwa watu wote. Wapo wanaoanza kwa kukubali na kumalizia kwa hasira, na wapo wanaopita zote katika asubuhi moja. Na yeye alizieleza kwa ajili ya wanaokufa. Baadaye ndipo watu walipozoea kuzitumia kuwapimia wafiwa. Yeye mwenyewe alipigwa na kiharusi mwaka 1995, akapooza upande mmoja, akakaa miaka mingi akingojea kifo mpaka mwaka 2004 alipofariki akiwa na umri wa miaka 78. Katika miaka hiyo hakuficha kwamba ana hasira. Wapo waliomcheka kwamba mwalimu ameshindwa somo lake. Mimi naona alilifundisha mpaka mwisho: alisema alivyojisikia, bila kuigiza.

Pili, hilo la kwamba sisi hatuna desturi ya kusema. Hivi tumesahau neno wosia? Wazee wetu wakijiona nguvu zinakwisha, waliwaita watoto, wakawakalisha, wakasema nani ananidai, nani namdai, shamba lile ni la nani, nani asamehewe. Waislamu wanafundishwa kuandika wasia wangali na akili zao. Na fasihi yetu ya Kiswahili ina ushahidi mkubwa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipokuwa mgonjwa, mwaka 1858, hakujifanya mzima mbele ya bintiye, Mwana Hashima. Alimtungia utendi mzima wa mawaidha, na inakadiriwa kuwa alifariki mnamo mwaka 1860. Kama bintiye angemjibu, "Mama, usijichurie, utapona," huenda leo tusingekuwa na utendi ule. Kwa hiyo anayesema kuaga si mila yetu, mila yake ni ya juzi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii: gharama anayoilipa anayebaki.

Kuna utafiti mmoja wa Uswidi ambao ningependa kila mzazi ausikie, uliochapishwa mwaka 2004. Watafiti waliwaendea wazazi waliokuwa wamefiwa na watoto wao kwa saratani katika miaka ya 1992 hadi 1997. Waliwauliza: je, ulizungumza na mtoto wako kuhusu kifo? Na je, unajuta? Wazazi 147 walikuwa wamezungumza na watoto wao. Kati ya hao 147, aliyejuta hakuwepo hata mmoja. Wazazi 258 hawakuzungumza. Kati ya hao, 69 walijuta, yaani zaidi ya robo. Nirudie kwa aliyekuwa anamimina chai: waliosema, hakuna aliyejuta. Walionyamaza, zaidi ya robo yao walikuwa bado wana jiwe kifuani miaka mingi baadaye.

Na lile la kukata tamaa? Mwaka 2008 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya kufuatilia wagonjwa 332 wa saratani iliyokwisha kukomaa, pamoja na watu waliowauguza. Wale waliozungumza na madaktari wao kuhusu mwisho wa maisha hawakuonekana kuwa na sonona zaidi kuliko wasiozungumza. Ila wachache zaidi miongoni mwao walimalizia siku zao katika chumba cha mashine, wakipumuliwa na bomba. Na wauguzaji ambao wagonjwa wao walimalizia katika hali ile ya mabomba na mashine ndio walioelekea zaidi kuugua sonona baada ya msiba.

Mtu aliyefiwa hulia kwa mambo mawili. Analia kwa kumkosa marehemu, na hicho ni kilio halali ambacho muda hukipunguza makali. Lakini pia analia kwa lile alilotaka kusema akalimeza, au aliloombwa akalikwepa. Kilio hicho cha pili hakimalizwi na arobaini wala hitma. Kinarudi usiku, watu wakishakunja mikeka na kwenda zao. Na huku mjini kinarudi na sura nyingine pia: mjane hajui mumewe alikuwa na akiba benki gani, watoto hawajui kiwanja kilinunuliwa kwa nani, na mashemeji wamekwisha kufika wakiulizia funguo. Mengi ya magomvi hayo ya mirathi yangekwisha kwa mazungumzo ya nusu saa, marehemu akiwa angali anaweza kukaa.

Basi tufanyeje? Sisemi kesho asubuhi mwende mkamwangukie mgonjwa na habari kama polisi na hati ya kukamata. Hapana. Yako mambo machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya.

La kwanza ni maumivu. Mtu anayeungua ndani hawezi kuaga. Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi na kuishia kuwa daktari, alifungua nyumba ya kuwatunza wanaokufa mjini London mwaka 1967, na alisisitiza kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa, isingojee mgonjwa apige kelele. Elimu hiyo imefika kwetu siku nyingi. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990. Uganda, Dakta Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993 akitumia mofini ya kunywa, dawa ya maji isiyo ya gharama kubwa, na mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Hapa Dar es Salaam, Ocean Road imekuwa taasisi ya saratani tangu mwaka 1996, na huduma ya kupunguza maumivu ni sehemu ya kazi yake. Kwa hiyo daktari akikwambia, "Mpeleke nyumbani, hakuna la kufanya," mwulize: na maumivu je? Hapo daima kuna la kufanya.

La pili ni kuuliza kabla ya kusema. Wapo wagonjwa wasiotaka kujua, na hiyo ni haki yao. Lakini utajuaje kama hujauliza? Kaa chini. Zima redio, hata kama ni mimi ninayezungumza. Mwulize, "Mzee, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Kisha nyamaza, usijaze kimya hicho kwa maneno yako. Akitaka kusema, atasema. Akizungumzia mpira, zungumzeni mpira, na kesho rudi tena.

La tatu ni kutoziba mlango anaoufungua yeye. Mgonjwa haji na tangazo. Anakuja na vineno: "Hivi ile karatasi ya nyumba iko wapi?" "Mwaka huu mvua sitaiona." "Mwiteni fulani." Hapo usimjibu, "Utapona tu." Mwulize, "Kwa nini unasema hivyo?" au "Nimwite lini?" Swali hilo moja linatosha kumwonyesha kwamba hayuko peke yake.

Na wala hatukatishi tamaa kwa kufanya hivyo. Siku ya mtu Mungu ndiye anayeijua, na daktari mwenye busara hataji tarehe. Lakini tamaa ya mtu si kupona peke yake. Mgonjwa anaweza kutamani alale usiku mmoja bila maumivu, amwone mjukuu, alipe deni la dukani, asamehewe na mwanawe. Hizo ni tamaa zinazotimizika, mradi tu tumruhusu azitaje.

Nimalizie nilikoanzia. Baada ya matanga kumalizika, yule ndugu yangu wa Tanga alinifuata nje usiku, watu wamelala. Aliniuliza, "Baba alinitaja?" Nikamwambia ndiyo, alikutaja, alitaka uje. Akauliza, "Lini?" Nikafanya hesabu kichwani. Zilikuwa wiki tano kabla ya kifo. Kutoka Tanga mpaka hapa ni safari ya siku moja kwa basi.

Sikumjibu. Mpaka leo tukikutana tunazungumza habari za watoto, za kazi, za bei ya unga, na swali lile limekaa katikati yetu. Ndugu msikilizaji, kama nyumbani kwako kuna mtu amelala na anataka mtu fulani aitwe, usingoje apate nafuu. Andika barua, piga simu, au panda basi ukamfuate. Fanya hivyo leo.

Wenye wagonjwa, Mungu awape nguvu.